Herufi Mbili

Waliniita saa nne. Ofisi ya wilaya, Kasese,
feni ikizunguka bila kulishawishi joto,
meza ndefu, watu watatu, chupa tatu za maji
ya dukani.

"Bi Mbambu, tueleze ulichofanya kule Kyarumba."

Nikasema: tulichimba. Tulilaza bomba.
Tulijenga tangi. Maji yakafika.
Yakafika, kana kwamba yalijua njia.

Yule wa katikati, miwani imemshuka puani,
akalaza kalamu.
"Mlikuwa wangapi?"
"Arobaini na mmoja, pamoja na wapishi."
"Basi tumwajiri nani? Wapishi?"

Hapo nikakwama.
Kwetu mtoto wa kike hufunzwa mapema
kuitanguliza "tu" mbele ya kila tendo,
na akisifiwa, aifungie na mlango wa nyuma:
tumepika, ni muhogo tu;
tumefaulu, ni bahati tu.
Tu mbele, tu nyuma,
na mwenyewe yuko katikati
kama abiria kati ya magunia mawili ya kahawa:
yumo garini, ila humwoni.

Mama aliuza chumvi ya Katwe sokoni Mpondwe.
Alinionya kwa Kiswahili cha mpakani:
chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Nikaishika kauli hiyo miaka thelathini
bila kukumbuka kwamba mama huyo huyo
alishinda juani akiita hadi koo likamkauka,
"Nyeupe hii! Onja, baba, onja kwanza!"
Wala hakuna aliyemwita mwenye majivuno.
Walionja. Wengine walinunua.

Halafu bomba langu limezikwa.
Futi tatu chini, nyasi zimeota juu,
mbuzi wanalilia hapo.
Kilichozikwa kitajiuzaje?

Nikameza mate. Nikaanza upya, na ile nyingine,
herufi mbili pia, lakini nzito mdomoni:

Nilipima mteremko mwenyewe, kilomita sita na robo,
kwa mpira mwembamba uliojaa maji
kwa sababu kipimo cha kampuni kiliharibika.
Mara ya kwanza nilikosea.
Kwenye bonde la pili msukumo ulilipasua bomba
na shamba la Masereka likaoga usiku kucha.
Nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza akiwa amesimama,
hakunipa kiti.
Nikarudi kwenye daftari. Siku nne.
Nikaweka tangi dogo katikati ya mlima, la kuvunja kasi.
Wazo hilo lilikuwa langu.
Mawe yake aliyapanga Thembo, fundi kunishinda,
na mchanga aliubeba Biira mgongoni
akiwa na mimba ya miezi sita,
nami sitasema niliubeba mimi.
Hesabu, lakini, ilikuwa yangu.
Miaka mitatu sasa haijapasuka.

Nikanyamaza.
Ukuta haukuanguka. Feni iliendelea na kazi yake.
Mama mmoja pembeni, hakuwa amesema neno tangu mwanzo,
akaandika kitu, akakipigia mstari.
Nikahisi ile "ni" ikiniyeyukia ulimini
kama chumvi: iliyotosha unailamba,
iliyozidi unaitema,
na anayejua kiasi ni ulimi, si mkono.

Barua haijaja. Wanasema wiki mbili.

Jana jioni nilipita kwenye bomba la shule.
Kitoto kilikuwa kikingoja dumu lake lijae,
mguu mmoja juu ya mwingine, kama korongo.
Nikakiuliza, bila sababu ya maana,
maji haya yametoka wapi?
"Mlimani," kikasema. "Yanashuka yenyewe."

Nikacheka. Nikapiga hatua mbili, nikarudi.
"Kweli, yanashuka. Mimi niliyaonyesha njia."
Nilitaka kuongeza "tu".
Sikuongeza.

Kikanitazama kidogo, viatu hadi kilemba,
kikafunga bomba barabara, tone lisipotee,
kikajitwisha dumu,
kikaenda.